Povu Si Kipimo

Makunduchi, kusini mwa Unguja. Maji ya bomba yanatoka meupe, hayana harufu. Kasoro inajitokeza ukishika sabuni. Unasugua kipande cha mche mpaka kiganja kinachoka, na badala ya povu unapata vibonge vya kijivu vinavyoganda ukingoni mwa beseni na kwenye kola ya kanzu. Kanzu nyeupe ikifuliwa hivyo mara nyingi, weupe wake unafifia. Wenyeji wana njia zao: nguo wanafulia sabuni ya unga, ambayo haigombani na maji haya, na wengine wanaogea sabuni ya mafuta ya nazi. Hawakukosea. Sabuni ya nazi hutoa povu hata ndani ya maji ya bahari.

Sababu iko chini ya miguu. Upande huu wa kisiwa ni jiwe la matumbawe, udongo wake haba. Mvua ikipenya ardhini hubeba kaboni dioksidi inayotoka kwenye mizizi na majani yanayooza, ikawa asidi hafifu, na asidi hiyo huyeyusha jiwe taratibu. Hivyo kila ndoo inakuja na kalsiamu yake. Kwa kipimo kinachotumika sana, maji huitwa magumu mno yakizidi miligramu 180 za kalsiamu kaboneti kwa lita. Yachemshe: gesi inatoka, jiwe linarudi kuwa jiwe.

Bi mwenye nyumba niliyofikia alinifunulia birika lake nione. Ndani limeota gamba jeupe, nene kama ukucha wa kidole gumba. Jiwe la namna hiyohiyo watu hulichoma tanuuni wapate chokaa ya kujengea. Hapa limejijenga lenyewe, chai baada ya chai.

"Tia siki, chemsha, liache lilale mpaka asubuhi," alinielekeza. "Siki ikikosekana, mwanangu, ndimu zipo."

Anajua anachosema. Gamba hilo huzuia moto kuyafikia maji, kwa hiyo mkaa unaenda zaidi, na anayetumia hita ya umeme ataona waya wake unaungua mapema. Ndimu inafaa hata kikombeni: chai ya rangi ya hapa hushika utando juu, wenye rangi za mafuta, lakini ukikamulia ndimu utando haupati nafasi ya kujishika.

Kazi kubwa ni mbaazi. Kalsiamu hukamatana na pektini ya maganda, nazo zikakaa jikoni tangu asubuhi bila kulainika. Dawa inayojulikana kila mahali ni magadi. Mimi magadi sina ugomvi nayo ikiwa ni chembe. Mkono ukizidi, mbaazi zinakuwa uji, zina ladha ya sabuni, na vitamini B1 imekwisha. Jirani wa Bi mwenye nyumba ana akili zaidi: huziloweka usiku kucha kwa maji ya mvua aliyokinga kwenye paa la bati, na kwa maji hayohayo huzipika. Mvua haijagusa jiwe bado.

Lushoto. Mambo kinyume kabisa. Vijito vya Usambara vinateremka juu ya miamba mikongwe isiyokubali kuyeyuka upesi, na maji yanafika bondeni karibu matupu. Sabuni kidogo tu, povu limejaa beseni, na shida sasa ni kuliondoa. Ngozi inateleza hata baada ya kujimwagia maji mara kadhaa. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na bado maharage yaliiva bila magadi. Sufuria safi, birika safi. Lakini maji laini yenye asidi kidogo hula chuma: mabomba ya zamani yanaacha mstari wa kutu sinkini.

Mpaka hapo ningeyapa maji ya Lushoto ushindi na kuyaita ya Makunduchi mabaya. Nikashuka Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, njia ya Arusha.

Hapa pia sabuni inatoa povu zuri. Maji ya miteremko hii ya volkano yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Ila kijana aliyenisaidia mzigo stendi alipocheka, meno yake yalikuwa ya kahawia, yenye vidoa. Ni floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu 4, maana vyanzo vingi vya ukanda huu visingepita. Ikizidi sana, kwa miaka mingi, hupindisha hata mifupa. Ugumu wa maji, kwa upande wake, shirika hilo halikuuwekea kikomo chochote cha kiafya.

Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki. Mtoto ndiye wa kulindwa kwanza, kwa sababu jino huharibika lingali linajengeka ndani ya fizi. Kuna nyumba zinazomwekea maji ya mvua peke yake, nyingine zina chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi iliyofanyiwa utafiti kwa miaka katika kituo cha Ngurdoto, hapo jirani. Mkaa huo hufyonza floraidi mpaka ushibe. Ukishashiba, maji yanayopita hayabadiliki rangi wala ladha, na sabuni inaendelea kutoa povu. Siku ya kuubadilisha inajulikana kwa kupima tu.