Jiwe la Morningside

Mdogo wangu alikuwa akisema kilichomwangusha ni jiwe. Alilieleza mara nyingi mno, hata mimi ambaye sikuwepo nikawa nalifahamu: ukubwa wa papai, rangi ya kijivu, limejificha kwenye kona chini kidogo ya Morningside, pale njia inapoteremka kwa fujo kuelekea Morogoro mjini. Alipolikanyaga, usukani ukageuka kushoto na gurudumu likaendelea mbele. Mtulinga ulivunjika. Wiki sita alikaa nyumbani, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, na kila aliyekuja kumpa pole alisimuliwa habari za jiwe.

Rudia sentensi ile moja: usukani ukageuka, gurudumu likaendelea mbele. Jiwe haliwezi kufanya hivyo. Usukani na gurudumu vimefungwa pamoja; kimoja kikienda kushoto, kingine hufuata. Vikiachana, kuna mtu hakuvifunga. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Baiskeli yenyewe ni ya mtumba, ya milimani, yenye springi mbele. Foki iliyokuja nayo ilikuwa imekula kutu na kuvuja mafuta, tukapata nyingine iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Mdogo wangu alitaka kuipeleka kwa fundi. Nikamwambia asipoteze hela, mimi nitaifunga. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, siku zangu zote zikiishia kwenye majedwali ya kompyuta, na nilikuwa na hamu ya kufanya kitu kinachoonekana kwa macho. Nikatazama video tatu, nikaazima spana za L, nikakaa uani jioni moja.

Sehemu ngumu nilizifanya vizuri. Bado nashangaa. Bomba la foki, lile linalopanda ndani ya kichwa cha fremu, nililipima kabla ya kulikata. Stemu, yaani kipande kinachoshika usukani, huvikwa juu ya bomba hilo, na bomba linatakiwa kuishia milimita mbili au tatu chini ya ukingo wa stemu. Likizidi urefu, kifuniko cha juu kitagusa bomba badala ya kukandamiza stemu, na hapo utakaza mpaka kesho bila faida. Nilikata kwa msumeno wa chuma na kulainisha ukingo kwa tupa. Nikapaka grisi, nikapanga gololi, nikapandisha foki.

Kisha nikafika kwenye bolti ya juu, ile ya katikati ya kifuniko, nikaitazama na kuiamini. Iko pale juu, peke yake, kama kichwa cha familia. Nikaikaza mpaka kiganja kikauma. Usukani ukawa mzito kuuzungusha, nami nikauchukulia uzito huo kuwa uimara. Zile bolti mbili ndogo za ubavuni mwa stemu nilizigusagusa tu, kwa sababu stemu ni ya alumini na niliogopa kuharibu nyuzi zake. Niliziona kama za ziada.

Nikaijaribu uani. Ikazunguka vizuri. Kifuniko kilikuwa kimekandamiza kila kitu kiasi kwamba msuguano peke yake ulitosha kuushika usukani kwenye ardhi tambarare. Asubuhi mdogo wangu akapanda nayo mlimani.

Sikujua haya siku ile. Au niseme nilikuwa na shaka ambayo sikutaka kuifuata. Alipoletwa nyumbani na vijana wenzake, nilitazama baiskeli na kuona usukani umepinda kama shingo ya mtu aliyelala vibaya. Nikaunyoosha kwa kuubana gurudumu katikati ya magoti, nikaisukuma baiskeli nyuma ya nyumba. Mama alikuwa anatafuta bodaboda ya kwenda hospitali. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Aliponiambia anataka kurudi barabarani, ndipo nilipoipeleka kwa fundi. Ni mzee anayekaa chini ya mwarobaini karibu na soko. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho kutoka kwenye Phoenix ya muuza mkaa. Baiskeli hizo zina nyuzi juu ya bomba la foki na nati mbili kubwa: ya chini unairekebisha, ya juu unaifungia ya chini isitembee. Hizo anazifunga huku anaongea na simu. Yangu aliitazama kwa muda, akachukua spana ya L, akafungua bolti ya juu yote, akaitoa pamoja na kifuniko, akaniwekea mkononi.

"Shika usukani, utikise."

Wakati ule zile mbili za ubavuni alikuwa ameshazikaza. Nikatikisa. Hakuna kilichotikisika.

"Umeona, mwanangu? Hii haishiki kitu. Inavuta tu. Inaivuta foki juu, inaisukuma stemu chini, mpaka gololi zikose nafasi ya kucheza. Basi. Zinazoshika ni hizi mbili." Halafu akauliza, "Alifunga nani?"

Nikasema sijui, niliinunua hivyo. Namtazama mzee wa watu usoni na kumdanganya kuhusu bolti.

Alipofungua zaidi, aliona madhara mengine ya mkono wangu. Kwa jinsi nilivyokaza, gololi zilikuwa zimechimba vishimo kwenye pete zinakozunguka. Ndiyo maana usukani ulikuwa unanasa kidogo kila ulipofika katikati, kana kwamba una nyumba yake pale. Vishimo hivyo havisafishwi. Ikabidi nitafute seti mpya, na kwa kuwa saizi ni nyingi, nilichukua vanie tunayopimia mashina ya miche maabara na kupima bomba la foki: milimita 28.6, saizi ya kawaida ya baiskeli nyingi za milimani za miaka ile.

Mzee hakutumia nyundo kwenye vikombe vipya. Alichukua studi ndefu yenye nyuzi, washa nene mbili na nati mbili, akavivuta vikombe taratibu kuingia kwenye kichwa cha fremu, huku anachungulia kama vinaingia sawasawa. Nyundo aliitumia kwa pete ya chini tu, ile inayokaa kwenye mabega ya foki, tena kwa kupitia kipande cha bomba la maji ili igongwe pande zote kwa pamoja. Gololi za siku hizi huja zimepangwa kwenye kikapu cha bati, na kikapu kina juu na chini. Aliniambia nikiweke mimi. Nikakigeuza vibaya. Akazungusha foki na kuniambia nisikilize: bati lilikuwa linasaga. Akacheka, nikakigeuza.

Akaniachia nimalizie. Legeza zile mbili. Kaza ya juu kidogo, robo, robo tena. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Foki yenye springi ina mchezo wake miguuni, kwa hiyo usisikilize mtikisiko wa jumla. Zungushia vidole kwenye ukingo wa kikombe cha juu, ndipo utajua kama shingo yenyewe inacheza. Inua gurudumu la mbele: usukani unatakiwa kuanguka upande wenyewe, bila kusukumwa. Ukigoma, umekaza mno. Nyoosha stemu. Ndipo ukaze zile mbili, kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Kwenye stemu yetu imeandikwa 5 Nm. Maandishi hayo yalikuwepo tangu siku ya kwanza.

Nilimlipa. Nikamwambia kwamba aliyefunga mwanzo ni mimi. Alikuwa ameshainamia baiskeli nyingine. "Nilijua," akasema. "Mtu wa dukani asingekata bomba vizuri hivyo."

Nyumbani ilichukua siku mbili zaidi. Mdogo wangu alikuwa barazani, anajaribu kuinua mkono juu ya kichwa kama alivyoelekezwa hospitali. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu yenye nati ya nyota na msuguano. Nikasema tu, "Lile si jiwe. Ni mimi, sikukaza bolti za usukani."

Alishusha mkono. "Umejua lini?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa, na aliliuliza kwanza. Nikamwambia: kwa uhakika, juzi. Kwa kuhisi, siku ileile.

Hakupiga kelele. Alisema, "Na mimi nawasimulia watu jiwe," akaingia ndani. Siku nne aliongea nami mambo ya chumvi na luku tu. Mama aliuliza tumegombania nini, kila mmoja akasema hakuna kitu.

Siku ya tano akaja chumbani kwangu akiwa na spana ya L na kuomba rangi yangu ya kucha. Nikadhani ni utani. Tukatoka uani. Akabana breki ya mbele mwenyewe, akazungushia vidole kwenye kikombe, akasukuma. Akainua gurudumu, usukani ukaanguka kulia. Akajaribu bolti za ubavuni, moja, nyingine, mara mbili. Kisha akachora mstari mwekundu mwembamba kuanzia ubavuni mwa stemu hadi kwenye mabega ya foki, akaukatisha pale fremu inapopita katikati, ili stemu ikihama hata kidogo vipande viwili vya mstari visitazamane tena.

"Vikombe vipya hukaa baada ya kutembea," nikamwambia. "Ukirudi itakuwa inacheza kidogo. Usikaze ya juu kabla hujalegeza..."

"Najua, dada."

Alienda mpaka Rock Garden tu na kurudi. Nilisikia breki langoni, nikatoka nje na taa ya simu. Yeye alikuwa ameshainama, anautazama mstari.