Msaidizi Aliye Kiongozi: Tafakuri juu ya Vitenzi Visaidizi vya Kiingereza

1.0 Utangulizi

Istilahi njema ni nusu ya maelezo. Istilahi isiyofaa huweza kumzuia msomi asikione kilicho mbele ya macho yake. Katika makala haya nakusudia kuijadili istilahi moja ambayo wengi wetu tuliojifunza sarufi kwa lugha mbili, Kiingereza na Kiswahili, tumeizoea kiasi cha kutoihoji. Istilahi hiyo ni "kitenzi kisaidizi". Haya ninayoyaeleza si matokeo ya utafiti wa uwandani. Ni tafakuri ya mwalimu ambaye kwa miaka mingi amefundisha sarufi ya Kiingereza kwa wanafunzi wanaofikiri kwa Kiswahili, kisha akafundisha sarufi ya Kiswahili kwa istilahi ambazo nyingi zilitafsiriwa kutoka Kiingereza.

Dai langu ni kwamba, katika Kiingereza, kitenzi kiitwacho kisaidizi ndicho kinachoiongoza sentensi, na hutambulikana kwa tabia yake ya kimuundo, wala si kwa maana yake. Tukilikubali hilo, itatubidi kuvipima upya baadhi ya vitenzi tunavyoviita visaidizi katika Kiswahili.

2.0 Jina na Kitu Chenyewe

Vitabu vingi vya shule hueleza kwamba kitenzi kisaidizi ni kile kinachokisaidia kitenzi kikuu kutoa maana ya wakati, hali, uwezo au ulazima. Fasili hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haitoshi. Tuzitazame sentensi tatu zifuatazo:

(1) Asha keeps reading.
(2) Asha is reading.
(3) Asha is a teacher.

Katika sentensi ya (1), neno "keeps" linaongeza maana ya kuendelea kwa tendo la kusoma. Kwa kigezo cha maana, basi, hiki ni kisaidizi bora. Katika sentensi ya (3), neno "is" halina kitenzi kingine cha kukisaidia, kwani linaunganisha tu kiima na kijalizo chake, kama kifanyavyo kitenzi kishirikishi "ni" katika Kiswahili. Kwa kigezo hicho hicho, hiki hakiwezi kuwa kisaidizi.

Hata hivyo, muundo wa Kiingereza wasema kinyume chake. Zipo sifa nne ambazo wanaisimu huzikumbuka kwa kifupisho NICE, na ambazo F. R. Palmer alizieleza kwa kina katika maandishi yake juu ya kitenzi cha Kiingereza. Ya kwanza ni ukanushi: kisaidizi hufuatwa moja kwa moja na "not", au hupokea umbo "n't". Ya pili ni kubadilishana nafasi: kisaidizi hutangulia kiima katika swali. Ya tatu ni ufupisho: kisaidizi huweza kubaki peke yake na kuwakilisha kirai kilichokwisha kutajwa. Ya nne ni msisitizo: kisaidizi hutiwa mkazo ili kuthibitisha jambo lililokanushwa au kutiliwa shaka.

Tukizitumia sifa hizo, twapata matokeo haya (alama ya nyota huonyesha sentensi isiyokubalika):

(4) *Keeps Asha reading?
(5) Is Asha reading?
(6) Is Asha a teacher?

Kadhalika, "Asha isn't a teacher" yakubalika, bali *"Asha keepsn't reading" haikubaliki. Basi "keeps", kinachosaidia, si kisaidizi. Na "is" ya sentensi ya (3), isiyomsaidia yeyote, ni kisaidizi kwa kila kipimo.

3.0 Kitenzi Kisicho na Maana

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza swali ambalo naliona kuwa kiini cha suala hili: "Mwalimu, 'do' katika 'Do you read?' inasaidia nini, ikiwa haina maana?" Mwanafunzi huyo alikuwa ameisoma fasili ya kitabu kwa makini kuliko mwandishi wake. Kwa hakika, "do" hiyo haiongezi maana yoyote ya kileksia. Haielezi hali wala ulazima. Imo katika sentensi kwa sababu Kiingereza cha leo hakiruhusu kitenzi cha kawaida kufanya zile kazi nne tulizozitaja. Kitenzi "read" hakiwezi kutangulia kiima katika swali, wala kufuatwa na "not" kikiwa na njeo. Panapokosekana kisaidizi kingine, "do" huletwa ili nafasi hiyo ijazwe. Kwa maneno mengine, nafasi ndiyo inayohitajika, na neno lolote linaloikalia hupewa mamlaka yake.

Mambo hayakuwa hivyo tangu zamani. Katika Kiingereza cha kale, kitenzi cha kawaida kiliweza kutangulia kiima, na kilikanushwa bila ya "do". Hata katika Biblia ya mwaka 1611, zimo sentensi nyingi ambamo "not" hufuata kitenzi cha kawaida. Alvar Ellegård, katika uchunguzi wake wa mwaka 1953, alionyesha jinsi matumizi ya "do" yalivyopanda hatua kwa hatua, yakienea katika maswali upesi kuliko katika sentensi kanushi. Sheria tunayoifundisha leo kama kwamba iliumbwa pamoja na lugha ni zao la karne chache tu, na haijakamilika bado. Kitenzi "need" kingali na uraia wa nchi mbili: mtu huweza kusema "She need not go", ambapo ni kisaidizi, au "She does not need to go", ambapo ni kitenzi cha kawaida. Maana ni karibu ileile. Kilichobadilika ni muundo.

4.0 Amri Hutoka Mbele

Mwaka 1957, Noam Chomsky alionyesha katika kitabu chake Syntactic Structures kwamba visaidizi vya Kiingereza hufuata mpangilio maalumu, na kwamba kila kimoja huamua umbo la kitenzi kinachokifuata. Mfano wa (7) wathibitisha hayo:

(7) Asha has been reading.

Hapa "has" ndicho kitenzi pekee chenye njeo na upatanisho wa kiima. Kwa sababu ya "has", kinachofuata lazima kiwe "been". Na kwa sababu ya "been", kinachofuata lazima kiwe "reading". Amri hutoka mbele kwenda nyuma, na kitenzi kiitwacho kikuu ndicho cha mwisho kuipokea. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 2002, waliitetea hoja ya kwamba visaidizi ni vitenzi vinavyotawala vijalizo vyao, wala si viandamizi vya kitenzi kingine. John Robert Ross alikuwa amekwisha kuelekea huko katika makala yake ya mwaka 1969.

Sasa tulinganishe na Kiswahili:

(8) Asha alikuwa anasoma.

Hapa vitenzi vyote viwili vimebeba kiambishi cha kiima a-, na kila kimoja kina kiambishi chake cha njeo au hali. Aidha, ukanushi huweza kuwa katika chochote kati ya hivyo viwili: "hakuwa anasoma" au "alikuwa hasomi", kwa kutegemea kile ambacho msemaji anataka kukikanusha. Katika Kiswahili, basi, kila kitenzi husimama kwa miguu yake.

Nadhani hapa ndipo penye chanzo kimojawapo cha sentensi kama *"She did not went", ambazo walimu wa Kiingereza katika shule zetu huzisahihisha kila siku. Najua kwamba hata watoto wa Waingereza hupitia hatua kama hiyo wanapojifunza lugha yao, kwa hiyo siwezi kudai kuwa Kiswahili ndicho sababu ya pekee. Lakini mwanafunzi ambaye lugha yake huweka alama katika vitenzi vyote viwili ana sababu ya ziada ya kuweka wakati uliopita mara mbili. Akiambiwa tu kwamba "did" ni msaidizi, hana haki ya kukisia kwamba msaidizi huyo ameichukua njeo yote na kumwacha mkuu mtupu. Akiambiwa kwamba kitenzi cha kwanza ndicho kiongozi, na kwamba njeo hukaa kwa kiongozi peke yake, kosa hilo hupata maelezo.

5.0 Funzo kwa Sarufi ya Kiswahili

Baadhi ya wanasarufi wetu wameviweka "-weza" na "-taka" miongoni mwa visaidizi. Nashuku kwamba mojawapo ya sababu zake ni tafsiri: "can" ni kisaidizi, "can" hutafsiriwa kwa "-weza", basi "-weza" ni kisaidizi. Lakini "can" ni kisaidizi kwa kuwa hupita vipimo vya Kiingereza. Je, "-weza" hupita kipimo gani cha Kiswahili? Kimuundo, "anaweza kusoma" haitofautiani na "anapenda kusoma" wala "anaogopa kusoma". Vipimo vya Kiingereza navyo havitufai, kwani Kiswahili huuliza "Asha anasoma?" bila ya kubadili nafasi ya neno lolote, na husisitiza kwa njia zake chenyewe, kama vile "kusoma, anasoma".

Vipo vitenzi vyenye madai yenye nguvu zaidi. Kitenzi "-kwisha" katika "amekwisha fika" hufuatwa na shina lisilo na ku-, jambo ambalo vitenzi vya kawaida haviruhusu. Na katika "ameshafika" kimemezwa kabisa na kuwa kiambishi. Vilevile, umbo "-ngali" katika "angali anasoma" hubeba kiima bila kiambishi cha njeo. Hizi ni dalili za kimuundo, na zimetoka ndani ya Kiswahili chenyewe.

Kwa upande wa historia, lugha hizi mbili zina ujirani wa kushangaza. "Will" ya Kiingereza ilitokana na kitenzi chenye maana ya kutaka. Kiambishi chetu -ta- huhusishwa na "-taka". "Can" ilitokana na kitenzi chenye maana ya kujua, nasi hadi leo twasema "anajua kuogelea" tukimaanisha uwezo. Kiambishi -me- nacho huhusishwa na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza. Lugha zote mbili zilianza na vitenzi kamili na kuvipunguzia maana. Tofauti ni mahali vilipofikia: Kiingereza kiliviacha vikiwa maneno na kuvipa uongozi wa sentensi, ilhali Kiswahili kiliviingiza ndani ya kitenzi vikawa viambishi. Kwa hiyo mara nyingi kinacholingana na kisaidizi cha Kiingereza ni kiambishi cha Kiswahili, si kisaidizi cha Kiswahili.

6.0 Hitimisho

Sipendekezi kwamba istilahi "kitenzi kisaidizi" itupwe. Imekwisha kuota mizizi, na kuing'oa kungeleta mkanganyiko zaidi. Ninachopendekeza ni mambo mawili. Kwanza, mwalimu wa Kiingereza aanze na vipimo kabla ya fasili, ili mwanafunzi aone kitenzi kinavyofanya kazi kabla ya kuambiwa jina lake. Pili, watafiti wa Kiswahili, hasa wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada, waandae orodha ya vipimo vya kimuundo vinavyotokana na data ya Kiswahili na lahaja zake, kisha waviweke "-kuwa", "-kwisha", "-ngali", "-weza", "-taka" na vinginevyo mbele ya vipimo hivyo kimoja kimoja. Huenda orodha yetu ya visaidizi ikapungua, na huenda vikapatikana vingine ambavyo hatukuvitazamia. Kwa vyovyote itakavyokuwa, itakuwa ni orodha iliyotokana na Kiswahili.