Pomboo na Mtoto Wake Kule Kizimkazi

Wengi wenu mnanijua kwa sababu ya vitenge ninavyouza. Wanaoingia nyumbani wanaona pia, karibu na kalenda, picha ya mnyama wa baharini mwenye mdomo mrefu kama anacheka, na wanauliza ni samaki gani. Si samaki. Ni pomboo, yule ambaye watoto shuleni wanamwita dauphin. Damu yake ni ya moto kama yetu, anapumua hewa kwa tundu lililo juu ya kichwa, anabeba mimba karibu miezi 12, na mtoto ananyonya miaka miwili, mitatu, hata zaidi.

Nilimpenda tangu kambini. Mwaka 1996, vita ilipofika Uvira, mama yetu alitupandisha usiku katika boti ya kwenda Kigoma. Mimi nilikuwa na miaka 9, mdogo wangu alikuwa bado wa kunyonya. Katikati ya ziwa tulisikia nyuma yetu mashine ya boti nyingine, na hakuna aliyejua ni ya nani. Mama alimpa mtoto titi akamshikilia kwa nguvu asilie, mpaka ule mlio ukapotea.

Tukakaa Nyarugusu. Katika darasa letu kulikuwa na kitabu kimoja cha picha ambacho wote tulikigombania, na ukurasa mmoja ulikuwa na pomboo anaruka, mtoto wake ubavuni. Nilidhani wanaishi Tanganyika. Tuliporudi Uvira nilikuwa nikisimama pale Kalundu kuangalia ziwa, hata mvuvi mmoja akanicheka: “Dada, hapa utaona mukeke na ndakala tu!”

Inchi yetu ina kipande kidogo cha bahari kule Muanda, lakini kwa mtu wa Uvira, Zanzibar ni karibu kuliko Muanda. Basi wakati wa vakansi kubwa, safari ya kununua vitenge Kariakoo ilipofika, nilimchukua binti yangu wa miaka 12. Feza za kuvuka niliziweka kidogo kidogo katika kopo la maziwa, bila kumwambia baba yake. (Sasa atasoma hapa.)

Kutoka Dar es Salaam meli ya abiria inachukua karibu saa mbili. Kizimkazi iko kusini kabisa mwa kisiwa cha Unguja. Ni kijiji cha wavuvi, na upande wa Dimbani kuna msikiti wa zamani wenye maandishi ya mwaka 1107. Asubuhi tuliposhuka ufukweni, ile harufu ya nyavu na samaki ilinifanya nijisikie niko Kalundu.

Tulipanda boti pamoja na wageni wanne kutoka Ulaya. Nahodha alikuwa mzee mwenye kofia. Aliniambia kwamba zamani baba yake na wenzake walikuwa wakiwaua pomboo na kuwakata kuwa chambo cha papa. Wageni walipoanza kuja miaka ya 1990, kijiji kikaona kwamba pomboo aliye hai analisha watoto kuliko aliyekufa.

Hatujaenda mbali, tukawaona. Migongo ya kijivu, sita au saba, inapanda na kushuka, na ile pumzi yao: pfuu! Binti yangu alinishika mkono akapiga kelele. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Kisha zikaja boti nyingine. Nilihesabu 11. Kila nahodha alikimbiza boti yake mbele ya pomboo, akaita, “Rukeni! Rukeni!” na watu wakajitupa majini. Pomboo wakazama, wakatokea pengine, na boti zote zikageuka kuwafuata. Na mimi niliruka mara ya kwanza, nimevaa jaketi la usalama na miwani. Chini yangu alipita mama mmoja na mtoto mdogo amebanana naye ubavuni. Alijigeuza, akawa katikati yangu na mtoto, wakashuka penye giza. Juu ya kichwa changu, mashine zilikuwa zinalia.

Nilipanda katika boti nikitetemeka, na maji hayakuwa baridi.

“Mzee wangu, naomba zima mashine,” nilimwambia.

“Mama, nikizima mimi, wale hawazimi. Na hawa wenzako wamelipa.”

Sikuwa na jibu. Yeye pia ana watoto wa kulisha. Lakini wachunguzi waliowafuatilia pomboo wa pale waliona kwamba boti za wageni zinawapunguzia muda wa kupumzika na wa kutafuta chakula. Kwa mama anayenyonyesha, hilo si jambo dogo. Sikuruka tena, na binti yangu alibaki karibu nami, amekasirika.

Usiku nilimsimulia yale ya ziwa, ambayo sikuwahi kumwambia. Nikamwambia pia kwamba mwaka 2023 wachunguzi walitangaza jambo walilosikia kwa mama pomboo 19 wa Florida: kila pomboo ana mluzi wake kama jina, na mama akiwa na mtoto wake anaupandisha mluzi ule juu zaidi, kama sisi tunavyobadilisha sauti kwa mtoto mchanga. Alijaribu kupiga mluzi mpaka jirani wa chumba akagonga ukuta.

Ukipata njia ya kwenda, nenda. Lakini uliza kabla ya kulipa: boti itakaa pembeni na kuwaacha wapite, au itawafukuza? Anayekujibu vizuri, mpe yeye feza zako.

Tuliporudi Uvira nilimweleza mama yangu yote. Alikuwa anachagua maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja: “Na yule mtoto, walimfikia?”

“Hapana, mama. Walizama.”

“Vizuri,” akasema, akaendelea na maharagwe yake.