MENO YANGU NA MAJI YA NYUMBANI

Nilipofika Tabora kuanza masomo ya bweni, wenzangu waliniuliza kwa nini sipigi mswaki. Nilikuwa nikipiga kila asubuhi na jioni, lakini meno yangu ni ya kahawia tangu utoto. Basi nikajizoeza kucheka nimefumba mdomo.

Kwetu ni Arumeru, chini ya Mlima Meru. Mlima huo ni wa volkano, na maji yapitayo katika miamba yake huchukua madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani limeshauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini chemchemi nyingi za kwetu hupita kiasi hicho. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya kudumu yanaumbika ndani ya ufizi, meno hayo hutoka na madoa ambayo mswaki hauyaondoi.

Muhula huu tulifanya mdahalo: “Floraidi ni rafiki wa meno.” Msemaji wa kwanza alieleza kuwa mji wa Grand Rapids, Marekani, ulianza kuitia katika maji mwaka 1945, kiasi cha miligramu 1 kwa lita, na meno ya watoto yaliyooza yakapungua. Mimi nilikuwa mpinzani. Nilisimama, nikafungua mdomo, nikasema, “Bwana Mwenyekiti, ushahidi wangu ni huu.” Hakuna aliyecheka. Tukashinda.

Lakini usiku sikupata usingizi, kwa maana mwenzangu naye alisema kweli. Nikaikumbuka njia ya misafara ya zamani, kutoka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji. Mpagazi alikunywa kisima hiki leo, kesho kingine, akapita zake. Mtoto aliyezaliwa kando ya kisima alikunywa hicho hicho miaka yote. Kumbe shauri si floraidi yenyewe, ila ni kiasi gani, na kwa muda gani. Ilipo haba, dawa ya meno husaidia. Ilipozidi, sharti ipunguzwe, kama wafanyavyo Ngurdoto, Arusha, kwa kuchuja maji katika mkaa wa mifupa. Kwanza maji yapimwe.

Mdogo wangu ana miaka miwili. Asubuhi niliandika barua: “Baba, shikamoo. Tafadhali mkinge maji ya mvua, mtoto anywe hayo na kupikiwa hayo. Na mama asitie magadi katika makande yake.”

Nangoja jibu. Nataka yeye acheke mdomo wazi.