Mji usiofunga milango ya magari

Nimerudi Uvira wiki iliyopita kutoka Kanada, kwa binti yangu anayekaa Winnipeg. Mwezi wa nane aliniambia: "Mama, kabla hujarudi, twende kaskazini ukaone wanyama." Tukaenda na mjukuu wangu wa miaka sita.

Churchill haina barabara ya kufika. Kuna ndege, lakini bei yake ni ya kununua ng'ombe. Tukapanda treni, kilometa 1,700 hivi, siku mbili tunalala kwenye viti. Chapati nilizobeba ziliisha siku ya kwanza. Njiani miti ilizidi kuwa mifupi, mwishowe ikabaki nyasi na maji tu.

Mji wenyewe hauna hata watu 1,000. Uko pale mto unapoingia Ghuba ya Hudson. Asubuhi tulipanda boti, na maji yakajaa migongo myeupe: beluga, nyangumi wadogo wanaoingia mtoni kila kiangazi kwa maelfu. Watoto wao ni wa rangi ya kijivu, kila mmoja ameshikamana na ubavu wa mama yake kama aliyefungwa kwa kitenge. Mwenye boti aliteremsha kinasa sauti majini, tukawasikia wakipiga miluzi kama ndege. Nilicheka mpaka machozi.

Mchana mjukuu aliona mchanga na mawe makubwa ya pwani, akatoka mbio. Nikamwacha, mtoto si acheze? Mama mmoja wa pale alipiga kelele, akamkamata mkono, akanionyesha kibao: usipite hapa, kuna dubu. Dubu mweupe dume hufika kilo 400 na zaidi, na hulala nyuma ya mawe yale yale. Magoti yangu yalilegea.

Huyo mama alinieleza mengi. Dubu huwinda sili juu ya barafu. Ikiyeyuka, hukaa nchi kavu na njaa mpaka mwezi wa kumi na moja hivi. Jike mwenye mimba anaweza kumaliza miezi 8 bila kula! Siku hizi barafu inakawia. Mwaka 2016 walihesabiwa dubu 842 katika eneo lile, mwaka 2021 wakabaki 618.

Watu wa pale hawafungi magari kwa ufunguo, ili anayefukuzwa apate pa kuingia. Ukimwona dubu unapiga simu, walinzi wanamfukuza kwa mishindo. Akirudi-rudi hunaswa, anafungiwa ndani ya jengo maalum, kisha helikopta inampeleka mbali.

Usiku ule sikulala. Niliwaza viboko wetu wanaotoka Tanganyika gizani na kula nyasi karibu na nyumba, na watu walioumia.

Jumamosi kwenye kikao nitauliza: anayekutana na kiboko usiku kwenye avenue yetu, akimbilie mlango wa nani?