Mama Kadi

Kabla ya mwaka 1994, wilayani Ngara, mgombea udiwani hakuulizwa amewahi kumsaidia nani. Aliulizwa ni mtoto wa nani, ana migomba kiasi gani, na kadi yake ya chama ni ya mwaka gani. Halmashauri zenyewe zilikuwa hazijazoeleka. Serikali ilizifuta mwaka 1972 ilipopeleka madaraka mikoani, ikazirudisha kwa sheria ya mwaka 1982, na wazee wetu walikuwa bado wanajifunza upya diwani anatakiwa kufanya nini. Wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa mwalimu mstaafu mwenye baiskeli ya Phoenix. Alikuja msibani, akatoa salamu za chama, akaondoka. Hakuna aliyemdai zaidi ya hapo.

Shangazi yangu, dada yake baba, hakuwa na migomba wala kadi ya zamani. Alimaliza kidato cha nne, akaolewa, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani na watoto wawili na cherehani. Rwanda isingewaka moto, naamini leo tungekuwa tunampelekea sare za shule azipunguze.

Mwishoni mwa Aprili 1994 watu walianza kuvuka daraja la Rusumo. Umoja wa Mataifa ulikadiria robo milioni ndani ya saa 24. Walipelekwa Benaco, mahali palipopata jina kwa kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake pale. Haikupita miezi mingi wakimbizi wilayani wakawa wengi kuliko sisi wenyeji. Mashirika nayo yakaja, kila moja na bendera yake na magari yake meupe, yakaanza kutafuta watu wa kuajiri. Kihangaza chetu kinasikilizana na Kinyarwanda na Kirundi, kwa hiyo aliyekijua, na akaweza kuandika Kiswahili kwa mwandiko unaosomeka, hakukosa kazi. Walimu waliacha chaki, wauguzi wakaacha zahanati, maana mshahara wa shirika ulikuwa haulingani na wa serikali. Sisi watoto tulikaa muda mrefu bila mwalimu wa hesabu, na hakuna mzazi aliyemlaumu.

Shangazi akawa karani wa mgao. Nilikwenda naye kambini siku za Jumamosi, eti kumsaidia, lakini hasa kuuza ndizi. Namwona bado: amefunga kitenge juu ya suruali, kalamu ameichomeka kwenye nywele, ubao wa kuandikia umeegemea kiunoni. Mahindi yalikuwa yamefika kwa reli hadi Isaka, halafu kwa malori hadi kwetu. Kundi la kaya liliitwa, likakabidhiwa magunia yake, wakayamwaga juu ya turubai la buluu na kugawana kwa kopo. Mafuta yalikuja kwenye mabati yenye bendera ya Marekani; yakiisha, bati lilinyooshwa kwa nyundo likawa mlango. Wanawake walipiga magoti wakiokota punje moja moja zilizoangukia vumbini, na shangazi hakuruhusu mtu awaharakishe.

Kazi yenyewe ilikuwa orodha. Mwanzoni idadi ya watu ilitajwa na viongozi wa komini, walewale waliotoka na watu wao Rwanda, ambao baadhi yao mikono yao ilikuwa na damu. Kiongozi akisema watu wangu ni elfu sita, walihesabiwa elfu sita, hata kama elfu mbili kati yao hawakuwahi kuvuka mto. Kilichozidi kilikwenda sokoni, na mjane asiye na mtu wa kumsemea aliondoka na nusu ya haki yake. Mashirika yalipochoka kudanganywa yakaanza kuhesabu upya, kichwa kwa kichwa, wino kidoleni na kadi kwa kila kaya. Shangazi aliongeza la kwake: alisoma kila jina kwa sauti mbele ya kundi zima, pamoja na idadi ya watu wa kaya hiyo, halafu akanyamaza kidogo. Katika ukimya huo mtu aliguna, mwingine akacheka, na jina la uongo likajulikana. Wakimbizi wakampa jina la Mama Kadi. Wengine hawakulitamka kwa upendo, na kuna jioni alirudi nyumbani akisindikizwa na polisi.

Wanyarwanda waliondoka Desemba 1996, serikali ilipotangaza kwamba mwisho wa mwaka kila mmoja awe amerudi kwao. Barabara ya Rusumo ilijaa tena, safari hii kuelekea upande wa pili. Sisi tulibaki na vilima vyenye upara, kwa sababu kuni za kupikia watu wote wale zilikuwa miti yetu. Shangazi alihamia kwa wakimbizi Warundi wa kambi ya Lukole, na ajira zilipopungua akajiunga na waliokuwa wakihudumia wagonjwa wa UKIMWI majumbani. Mkoa wetu wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza nchini walikogunduliwa, mwaka 1983, kwa hiyo kila kijiji kilikuwa na nyumba ya namna hiyo. Alitembea na sabuni, glavu na chupa ya maji ya chumvi na sukari. Posho ilikuwa ya kununulia sabuni tu. Kipindi hiki hakuna aliyempiga picha, na ndicho kilichomfanya ajulikane hadi vitongoji vya mwisho.

Mwaka 2005 akachukua fomu ya udiwani. Ulikuwa wakati wa takrima: sheria ya uchaguzi ilikuwa imerekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, na hakuna aliyejua ukarimu unaishia wapi na rushwa inaanzia wapi. Shangazi aliamini historia yake inatosha. Wajumbe waliopiga kura za maoni waliona vingine. Mtu aliyefanya kazi na wazungu miaka yote hiyo, walisema, lazima ana akiba, mbona hatoi? Walimwona mchoyo. Akashindwa vibaya, na aliyeshinda alikuwa mfanyabiashara wa mazao ambaye hakuwahi kumfunika mgonjwa shuka. Aprili mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilitamka kwamba takrima inakiuka Katiba. Shangazi alisikia habari hiyo redioni akicheka peke yake jikoni.

Mwaka 2010 chama chake kilikuwa kimebadilisha utaratibu, wanachama wote wakapiga kura za maoni badala ya wajumbe wachache. Hapo wale wa vitongoji vya mwisho walihesabika. Akashinda, na Oktoba akawa Mheshimiwa.

Sasa niseme ninaloamini, hata kama ndugu zangu hawalipendi: miaka miwili ya kwanza shangazi alikuwa diwani wa kawaida tu, labda chini ya kawaida. Alizoea kwamba lori linatoka Isaka limejaa, na kazi iliyobaki ni kugawa kwa haki. Kwenye Baraza la Madiwani hakuna lori. Kuna ushuru wa mazao unaokusanywa kwa shida, ruzuku inayochelewa, na kata nyingi zinazotaka zahanati mwaka huohuo. Alisimama akaeleza shida za watu wake kwa uchungu, wenzake wakamsikiliza kwa heshima, kisha fedha zikaenda kwa diwani aliyekuwa amesoma makabrasha ya kamati ya fedha usiku uliotangulia. Nyumbani nako foleni ilianza alfajiri: ada, nauli ya hospitali, mbao za jeneza. Aliyewahi kuwanywesha wagonjwa maji kwa kijiko hakuweza kumfukuza mtu, na posho yake iliisha kabla ya katikati ya mwezi. Nadhani watu hudanganyika hapa. Huruma humfikisha mtu kwenye jukwaa, lakini makabrasha hayasomwi kwa huruma.

Alichokuwa nacho kweli kilionekana TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ilipoleta mpango wa kunusuru kaya maskini. Majina yalipendekezwa na wanakijiji, na orodha ilibidi irudi mkutano mkuu wa kijiji kuthibitishwa. Mahali pengine ilipitishwa kwa makofi. Kwetu shangazi alimwomba mtendaji asome jina moja moja, na baada ya kila jina anyamaze. Nilikuwa nimekuja likizo, nimesimama nyuma pamoja na vijana wa bodaboda. Mtendaji alifika kwenye jina la baba yangu.

Baba alikuwa na nyumba ya bati, shamba la kahawa na ng'ombe wawili. Sijui nani aliliandika. Labda mtu alidhani anamfurahisha diwani. Kukawa kimya. Hakuna aliyethubutu kuguna.

"Huyo ni kaka yangu," shangazi akasema. "Mnamjua, na ng'ombe zake mnazijua. Mtendaji, kata."

Jina likakatwa, na baada yake yakakatwa mengine manane, kwa sababu watu walipata ujasiri. Baba hakusema naye mwaka mzima. Aliponieleza kilichomuudhi, haikuwa fedha. Ni kwamba alikatwa mbele ya wakwe.

Mwaka 2015 aliangushwa kwenye kura za maoni, na sishangai. Alikuwa amekata majina mengi mno. Aliyemrithi alileta mipira, jezi na ligi ya kata yenye zawadi ya mbuzi. Tangu hapo mambo yamegeuka kabisa. Kila mtia nia leo ni "mdau wa maendeleo". Wasifu wake unaanza na madawati aliyotoa, vitabu alivyotoa, taulo za kike alizotoa, na kila kitu kina picha akiwa amekishika pamoja na anayekipokea. Swali ambalo wazee wa Ngara hawakuwahi kuuliza, umemsaidia nani, sasa lina majibu kabla halijaulizwa. Sisemi madawati ni mabaya. Watoto wanakaa juu yake. Lakini sijaona picha ya mtu akisoma bajeti.

Kijana mmoja wa aina hiyo alikuja kwa shangazi kuomba baraka, akiwa na kreti ya soda nyuma ya bodaboda. Alimwamkia kwa adabu zote, akamwita mama yetu, akataja mashirika aliyojitolea. Shangazi akamsikiliza hadi mwisho.

"Umewahi kumkata nani?" akamuuliza.

"Shikamoo tena, Mheshimiwa, sijaelewa."

"Kwenye orodha. Ulimkata nani?"

Kijana alifikiri, akasema yeye hajawahi kumkata mtu, yeye ni mtu wa watu. Shangazi akamshukuru kwa kuja, akamwambia asome makabrasha. Kreti ilibaki kibarazani, na wajukuu walikuwa wameshaizunguka wakisukumana.

"Hakuna kufungua," akasema, akainama kuzihesabu chupa. Zilikuwa 23.