Mlio wa Mwezi wa Sita

Mvua ya masika ikishakatika, uwanda wa kutoka mto Empakasi hadi Isinya ulikuwa haulaliki. Madume wa nyumbu walikuwa wameshagawana viwanja. Kila dume alikuwa na kipande chake cha nyasi fupi, hatua chache tu kukivuka, na alikilinda kwa kukoroma mchana na usiku kucha.

Sisi wachungaji wa mbuzi tuliwatazama bila kulipa kiingilio. Dume alipiga magoti akachimbua udongo kwa pembe, akajigaragaza vumbini, akasugua uso chini ili harufu ya tezi za machoni ibaki pale. Jirani akisogea mpakani, wote wawili walipiga magoti wakagonganisha pembe, kisha kila mmoja akainamisha kichwa kana kwamba anakula. Kula kwenyewe kulikuwa kidogo. Kabla msimu haujaisha mbavu zilikuwa zinahesabika. Majike wakipita na ndama wao, dume aliruka huku na huku kuwazuia wasiingie kwa mwenzake. Swala pala naye alinguruma hadi wageni kutoka Nairobi wakadhani ni simba.

Wazee waliusikiliza mlio ule kwa hesabu zao. Nyumbu hubeba mimba miezi minane na ushee, na kwa kuwa majike wengi hupandwa ndani ya majuma machache, huzaa pia kwa pamoja, kwetu kati ya Januari na Machi. Fisi na simba huwala ndama bila kuwamaliza. Lakini ndama hao hubeba virusi visivyowadhuru wao. Ng'ombe akivipata, macho hugeuka meupe, kamasi humtoka, na ni nadra apone. Wafugaji waliuita ugonjwa wa nyumbu na wakalaumu kondo la nyuma; madaktari wa mifugo husema ni ute wa pua na macho ya ndama. Dawa ilikuwa ileile: kuhama.

"Ero, hesabu," mzee jirani yetu aliniambia. "Wanaolia sasa, mwezi wa pili utawapisha na ng'ombe wako."

Mabeberu wetu hawakuachiwa uhuru wa kupanda wakati wowote. Walifungwa kipande cha ngozi tumboni wasipande nje ya wakati, kikavuliwa pale ambapo ukihesabu miezi mitano unaangukia mvua. Nyumbu walijipangia bila ngozi. Baadaye nilisoma kwamba huko Serengeti watafiti waliwaweka majike zizini wakawapigia milio ya madume iliyorekodiwa, na wakati wa majike hao kutaka dume ukakaribiana kuliko wa wenzao wasioisikia. Kumbe kelele zile zilikuwa na kazi.

Kisha ardhi yenyewe ikaanza kukatwa: shamba la pamoja la Kitengela, sehemu ya uwanda wetu, liligawanywa mwaka 1988, kila familia ikapata cheti chake. Katika miaka ya 1990 viwanda vya bidhaa za kuuza nje vikaanzishwa Athi River, wafanyakazi wakatafuta pa kulala, broka wakaja na ploti za hamsini kwa mia. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka wasizungushe uzio. Nia njema, lakini karo ya mtoto mmoja ilimeza ekari nyingi. Siwalaumu waliouza.

Nyumbu wa uwanda huu walikuwa zaidi ya 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Kufikia 2011 hawakufika 5,000. Watu husema walikosa malisho, na ni kweli. Mimi nadhani walikosa pia mkusanyiko. Seng'enge ilipokata uwanda vipande vipande, mwezi wa sita ulikuta madume watatu hapa, wawili kule ng'ambo ya ukuta wa mawe, wakikoroma bila jike wa kuwasikia.

Siku hizi mwezi wa pili ng'ombe wetu hawahami. Nyumbu wa kumkimbia hayupo, na hata angekuwapo, pa kuhamia pamejengwa. Mpangaji wa ghorofa iliyo jirani amelalamika kwa chifu kuhusu kelele za jogoo wangu.